Chumba cha Ubaridi na Tenga la Nyanya: Uchambuzi wa Kisa Kutoka Nyanda za Juu Kusini

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu kikundi cha wakulima wa nyanya katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, ambao karibu mazao yao yote huuzwa Dar es Salaam. Jina la kijiji, la kikundi, la mfadhili na la soko yameondolewa pamoja na hesabu zao za fedha, na mambo machache madogo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Nimekiandika kwa ajili ya maafisa ugani, viongozi wa vyama vya ushirika na yeyote anayepanga kupeleka teknolojia ya baada ya mavuno kwa wakulima wa mboga na matunda. Niliitwa kama mshauri wakati chumba cha ubaridi kilikuwa kimekwisha kujengwa, kimezinduliwa, na kimefungwa kufuli.

Mazingira

Kijiji kiko juu, mahali ambapo usiku wa Juni na Julai watu huota moto. Nyanya hulimwa zaidi wakati wa kiangazi, kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, na mashamba ya kumwagilia. Wengi hupanda Tanya, Tengeru 97 au Rio Grande, na wenye uwezo hununua mbegu chotara. Tengeru 97 ina ganda gumu kiasi na hustahimili safari. Baadhi ya zile nyingine zinapendwa kwa wingi wa mavuno lakini hazipendi kubanwa.

Soko liko karibu kilomita 500 kwa barabara kuu itokayo Zambia. Gari linaondoka jioni, linateremka mlima Kitonga kwa kona kali, linaingia bonde la Ruaha ambako mibuyu inaanza na joto linapanda ghafla, kisha linakata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi zenye matuta, linapita Morogoro na kuingia Dar es Salaam alfajiri. Nyanya iliyovunwa kwenye ubaridi wa milimani inamaliza usiku ikiwa kwenye joto la pwani, chini ya turubai, imebebeshwa uzito wa wenzake.

Chombo ni tenga. Limefumwa kwa mianzi, ndani lina ncha na kingo, na linapojazwa hupewa nyongeza ya juu inayofungiwa majani na kamba. Hiyo ndiyo lumbesa, ambayo Sheria ya Vipimo inaikataza na ambayo kila mtu sokoni anaijua. Bei hutajwa kwa tenga. Mkulima anauliza tenga ni shilingi ngapi leo, dereva anatoza kwa tenga, makuli wanalipwa kwa tenga, dalali anakata chake kwa tenga. Hakuna aliyekuwa akipima kwa kilo mahali popote kati ya shamba na genge. Msomaji alishike jambo hili, kwa sababu karibu kila kilichotokea baadaye kinatokana nalo.

Mradi ulivyoanza

Shirika lililofadhili lilikuja na nia njema. Andiko la mradi lilianza na takwimu ambayo wengi wetu tumeinukuu: utafiti wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) wa mwaka 2011 uliokadiria kwamba karibu nusu ya matunda na mboga katika Afrika Kusini mwa Sahara hupotea kati ya shamba na mlaji. Kutoka hapo andiko liliruka moja kwa moja kwenye suluhisho. Mazao yanaoza, ubaridi unazuia kuoza, kwa hiyo kijiji kipewe chumba cha ubaridi cha umeme wa jua. Wanakikundi walichangia matofali, mchanga na nguvu zao. Fundi alifunga mitambo, akawafundisha vijana wawili kuiwasha na kuizima, akaondoka.

Hakuna aliyefuata mzigo mmoja wa nyanya kutoka shambani hadi Dar es Salaam kuona unaharibikia wapi. Makadirio ya bara zima yalichukuliwa kama kipimo cha kijiji kimoja. FAO yenyewe, katika ripoti yake ya mwaka 2019, ilikuja na hesabu nyingine: asilimia 14 ya chakula duniani hupotea baada ya kuvunwa na kabla ya kufika kwa muuzaji wa rejareja. Namba hizi mbili hazigombani, maana zinapima vitu tofauti, na hakuna hata moja inayomwambia mkulima wa Nyanda za Juu aanze na nini.

Yaliyotokea, kwa mfuatano

Wiki za kwanza chumba kilitumika kwa shauku. Nyanya zilivunwa mchana, zikaingizwa ndani alasiri zikiwa kwenye matenga yale yale, na jioni gari likaja kuzichukua. Zilikaa humo saa chache tu. Ukipitisha mkono juu ya tenga ulihisi ubaridi. Lakini mtu angechomeka kipimajoto katikati ya tenga, katikati ya nyanya yenyewe, angekuta joto karibu lile lile la shambani.

Sababu ni ya kifizikia na inafaa ielezwe, kwa kuwa wanaonunua mitambo hii mara nyingi hawaelezwi. Kupoza tani moja ya nyanya kutoka nyuzi joto 28 hadi 14 ni kuondoa joto la takriban kilowati-saa 15, kabla hujahesabu joto ambalo nyanya zenyewe huendelea kulitoa kwa kupumua, na linaloingia kila mlango unapofunguliwa. Tena hewa baridi ya chumba cha kawaida huzunguka nje ya chombo. Haipenyi katikati ya lundo isipokuwa kuna feni inayoilazimisha kupita. Tenga lililoshonewa majani juu linaweza kuhitaji siku nzima au zaidi kupoa hadi moyoni. Gari halisubiri siku nzima.

Kisha mzigo uliopoa nje na kubaki moto ndani ulipakiwa kwenye gari la wazi na kufunikwa turubai. Ulipofika bondeni, nyanya za pembeni zilitoka jasho: hewa ya joto yenye unyevu ilikutana na ganda baridi na kuacha matone. Maji juu ya ganda lililochubuka ndiyo anayoyasubiri ukungu. Dalali alianza kulalamika kwamba nyanya za kikundi zinafika zimelowa.

Pigo kubwa lilikuja bei ilipoanguka. Kikundi kiliamua kushikilia mzigo hadi bei ipande, na hapo ndipo kila mtu alipotegemea chumba kithibitishe thamani yake. Mmoja wa vijana wasimamizi alishusha kipimo hadi nyuzi joto 4, akiamini kwamba kadiri baridi inavyozidi ndivyo nyanya zinavyodumu. Hakuwa amefundishwa vingine. Nyanya nyingi zilikuwa bado za kijani. Zilikaa humo zaidi ya wiki moja, na zilipotolewa zilipendeza: ngumu, zinang'aa, bila doa. Zilipakiwa kwa furaha. Siku chache baadaye simu zilianza kuingia kutoka Dar es Salaam. Nyanya zilikuwa hazigeuki nyekundu sawasawa, zina mabaka ya manjano, ganda limebonyea vishimo vidogo, na kwenye vishimo hivyo ukungu mweusi umeota.

Hayo ni majeraha ya baridi. Nyanya ni tunda la asili ya joto na halihifadhiwi kama karoti. Iliyokomaa ikiwa bado ya kijani inataka nyuzi joto 13 hadi 15 hivi. Ikikaa chini ya 10 kwa wiki mbili, au kwenye 5 kwa wiki moja, inapoteza uwezo wa kuiva vizuri, na ubaya wenyewe hauonekani hadi itolewe kwenye ubaridi. Ndiyo maana kosa hili ni la hatari kuliko kuoza kwa kawaida: mzigo unaondoka kijijini ukiwa mzuri machoni, na lawama inamwangukia mtu mwingine kabisa. Dalali alidhani ameuziwa nyanya zilizonyunyiziwa dawa mbaya. Wakulima walidhani dalali anawadanganya ili asilipe. Uhusiano wa miaka mingi ulikaribia kuvunjika kwa sababu ya kitufe kimoja.

Baada ya hapo chumba kilifungwa.

Kufuata mzigo

Kikao cha kwanza nilichohudhuria kilikuwa na pendekezo moja mezani: mfadhili aombwe gari lenye ubaridi. Mwenyekiti wa kikundi, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole, aliuliza swali ambalo nadhani lilikuwa la thamani kuliko mradi wote: hivi nyanya zetu zinafia wapi hasa?

Tuliacha kila kitu, tukafuata mzigo. Njia si mpya. Wataalamu wa mazao ya bustani wamekuwa wakiifundisha tangu Jerry La Gra alipoipanga katika vipengele 26 mwaka 1990, na inaanza kabla ya kupanda na kuishia kwa mlaji. Sisi tulichukua sehemu iliyotufaa. Matenga machache yaliwekwa alama ya rangi, na kutoka kila moja tulihesabu nyanya 100 katika sehemu nne: shambani baada ya kujaza, kwenye gari baada ya kupakia, sokoni baada ya kushusha, na kwenye genge baada ya siku mbili. Nyanya ziligawanywa kwa nzima, zilizochubuka, zilizopasuka na zilizooza. Kazi hii inahitaji mzani, kipimajoto cha kuchomeka, daftari na mtu anayekubali kulala kwenye gari.

Kilichoonekana ni kwamba uozo wenyewe ulikuwa wa mwisho kufika. Majeraha yalitangulia mbali.

Shambani wavunaji walilipwa kwa ndoo, kwa hiyo walivuta kwa haraka, na nyanya nyingi zilitoka na vikonyo vyake. Kikonyo kikavu ni sawa na msumari kwa nyanya ya jirani. Zilizotobolewa na kantangaze zilichanganywa na nzima, na tundu la kiwavi huyo ni mlango wa ukungu na bakteria. Rangi zote ziliingia chombo kimoja: kijani, zilizoanza kubadilika, nyekundu kabisa. Nyekundu huvuja kwanza, na gesi ya ethilini inayotolewa na zinazoiva huziharakisha zile ambazo zingesubiri.

Kisha matenga yalikaa juani yakisubiri gari. Nyanya iliyo juani hupata joto zaidi ya hewa inayoizunguka, na kupumua kwake huongezeka mara mbili hadi tatu kwa kila nyuzi 10 zinazopanda. Saa za mchana pale pembeni mwa barabara zilikula maisha ambayo hakuna chumba cha ubaridi kingeweza kuyarudisha.

Lakini hesabu kubwa zaidi ilitokea kati ya kujaza na kushusha. Ili lumbesa ikae, mpakiaji hushindilia kwa magoti. Matenga yakipangwa garini moja juu ya jingine, uzito haubebwi na tenga, kwa kuwa lumbesa imepita mdomo wake. Unabebwa na nyanya zenyewe. Halafu matuta ya Mikumi. Tulipofungua tenga la chini kabisa sokoni, nyanya za juu zilikuwa zimebonyea umbo la mianzi ya tenga lililozikalia, za katikati zilionekana salama, na za chini zilikuwa zimekuwa rojo linalochuruzika hadi kwenye mbao za gari. Mwanamke anayenunua masalo, yaani nyanya zilizopondeka, kwa ajili ya wauza chipsi alikuwa ameshasimama pale na ndoo zake, anajua gari la kuanzia.

Maamuzi na sababu zake

Kikundi kilikaa na matokeo hayo na kufanya maamuzi kadhaa. Si yote yalikuwa pendekezo langu.

Waliamua kwanza kutogusa chumba cha ubaridi kwa msimu huo. Nyanya iliyopondeka haiponi kwa kupozwa, na hapakuwa na gari la ubaridi la kuendeleza mnyororo baada ya mlango wa chumba. Kuvunja ubaridi katikati ya safari kulikuwa kunaleta jasho, na jasho lilikuwa kosa jipya juu ya makosa ya zamani.

Badala yake walijenga banda la nyasi lililo wazi pande zote, na kutumia ubaridi ambao Mungu amewapa bure. Usiku wa kule juu wakati wa kiangazi ni baridi ya kutosha kushusha joto la nyanya karibu na kiwango kinachotakiwa, mradi zimetandazwa kwenye vyombo vinavyopitisha hewa. Ratiba ya kuvuna ikabadilishwa: sehemu kubwa ivunwe kuanzia saa kumi jioni, ilale bandani usiku, ichambuliwe asubuhi, na ikae kivulini hadi gari la jioni. Kuvuna alfajiri, ambako vitabu vingi vinasifu, kulikataliwa na wakulima wenyewe kwa sababu ya umande. Nyanya iliyolowa ikifungiwa kwenye chombo inaoza, na walikuwa wakilijua hilo kabla yangu.

Tulijadili pia chumba cha matofali na mchanga uliolowekwa, kile kilichobuniwa India miaka ya 1980 ambacho kuta zake mbili huacha nafasi ya mchanga kati yake. Hewa kavu inapovuta maji kutoka kwenye mchanga, ndani kunapoa bila umeme. Kiangazi cha kule kina ukavu unaofaa. Kilikataliwa kwa sababu ya maji: mchanga unataka kulowekwa asubuhi na jioni, na ndoo hizo zingebebwa na akina mama wale wale kutoka mtoni. Nakubaliana nao kabisa. Teknolojia isiyotumia umeme lakini inayotumia shingo ya mwanamke si ya gharama nafuu, hata ikiandikwa hivyo kwenye vipeperushi.

Wavunaji walianza kulipwa kwa siku, na waliambiwa wazungushe nyanya hadi ikatike bila kikonyo. Kwa mzigo wa Dar es Salaam walichuma zilizoanza kubadilika, yaani zenye rangi isiyozidi sehemu ya kumi ya ganda kule kitakoni. Zilizoiva ziliachwa kwa masoko ya karibu.

Uamuzi mzito ulikuwa wa kreti za plastiki. Kreti ina kingo laini, ina matundu ya hewa, haina kina kirefu, na zikipangwa uzito hubebwa na kuta zake. Walichagua zile zinazoingiliana zikiwa tupu, ili nafasi ya kurudishia isiwe kikwazo kwa dereva. Walinunua chache tu kwa akiba ya kikundi na kuanza na dalali mmoja. Mfadhili alikuwa tayari kununua nyingi kwa mpigo, wakamwomba asubiri.

Kreti zilipofika sokoni

Hapa ndipo somo kubwa lilipo. Nyanya zilifika salama. Nyekundu hazikuwemo, rojo halikuwepo, mama wa masalo alipita bila kusimama. Na bado siku ya kwanza ilikuwa hasara.

Dalali alizitazama kreti akamwambia mwakilishi wa kikundi, “Dada, mteja wangu anauliza tenga. Hii nimuuzie kama nini?” Hakuwa na ubaya. Tenga ndicho kipimo cha soko lote, na mbele yake kulikuwa na chombo kisicho na jina la bei. Aliuza kila kreti kwa nusu ya bei ya tenga, akikadiria kwa macho. Makuli walidai kila kreti ilipiwe kama tenga zima, maana wao huhesabu mabega. Mtoza ushuru naye alihesabu vyombo, na vyombo vilikuwa vimeongezeka. Nyanya bora kuliko zote sokoni ziliingiza pungufu.

Safari iliyofuata mwakilishi alikwenda na mzani. Pale pale kizimbani, mbele ya dalali, makuli na wachuuzi, tenga la lumbesa kutoka gari jingine lilimwagwa na kupimwa, kisha likachambuliwa na kupimwa tena bila zilizopondeka. Kreti mbili zilipimwa pembeni. Wachuuzi ndio walioelewa upesi. Mama wa genge hununua tenga kwa bei moja, lakini anauza mafungu, na kila nyanya iliyopondeka anaitoa mfukoni mwake. Alipoona kwamba kreti mbili zinampa karibu uzito ule ule unaouzika, tena bila kuinamia chini kuchagua, alikuwa tayari kununua kreti mbili kwa bei ya tenga moja, na baada ya muda kuongeza kidogo.

Kwa wakulima mzani ulikuwa na habari nyingine, chungu zaidi. Waliona kwa macho yao lumbesa ina uzito gani. Kilo hizo walikuwa wakizitoa bure, na ndizo zilizokuwa zikiponda zile wanazolipwa.

Makubaliano yaliyofuata ni kwamba kreti mbili zihesabiwe tenga moja kwa bei, kwa makuli na kwa ushuru. La ushuru lilichukua muda na vikao na uongozi wa soko, na kwa kipindi fulani kikundi kililipa mara mbili huku kikisubiri.

Matokeo

Mwishoni mwa msimu nyanya zilizofika gengeni zikiwa nzima zilikuwa nyingi zaidi kwa wazi, na malalamiko ya nyanya zilizolowa yalikwisha. Dalali yule aliyekuwa karibu kuachana nao alianza kuwatafuta. Bei waliyopata wakulima haikupanda haraka kama ubora ulivyopanda. Faida ya mwanzo ilibaki mjini, kwa mchuuzi na kwa dalali, na ilichukua mazungumzo ya makusudi kuirudisha sehemu yake kijijini.

Kreti zilipotea. Kreti nzuri ya plastiki ina matumizi mengi mjini: kiti, kabati la soda, chombo cha samaki. Kikundi kiliziandika namba kwa rangi na kuanza kumtoza dalali dhamana kwa kila kreti, inayorudishwa kreti inaporudi. Hesabu yake ni rahisi na kila kikundi kiifanye kabla ya kununua. Kreti ikifanya safari 30, kila safari inabeba sehemu moja ya 30 ya bei yake. Ikipotea kwenye safari ya tatu, kila safari imebeba theluthi nzima. Uhai wa mfumo wa kreti uko kwenye kurudi kwake, na kurudi kwake kunamtegemea dereva na utingo wake zaidi ya mtu mwingine yeyote. Walipoanza kulipwa kitu kidogo kwa kila kreti tupu iliyorudi, upotevu ulipungua.

Wakati nyanya zimejaa kila mahali na bei imeanguka mno, wanachama wengi walirudi kwenye matenga. Siwalaumu. Bei ikishuka kiasi hicho, kuokoa nyanya hakulipi gharama ya kuiokoa, na anayeandika kwamba kreti zimechukua nafasi ya tenga katika kijiji hiki atakuwa anadanganya. Zimechukua nafasi katika miezi ya bei nzuri na kwa wanunuzi wanaolipia ubora, zikiwemo hoteli chache.

Chumba cha ubaridi kilipata kazi, ila si ya nyanya. Mnunuzi wa parachichi alikikodi kwa msimu. Hass, aina ya parachichi anayonunua, inakubali nyuzi joto 5 hadi 7, na yeye ana gari la ubaridi la kuendeleza safari, kwa hiyo kwake chumba ni kiungo cha mnyororo uliokamilika. Kodi yake ndiyo iliyonunua kreti za awamu ya pili. Kabla ya hapo wanachama walikuwa wamependekeza kuweka humo karoti na nyanya pamoja. Lilikataliwa, na kwa haki: karoti inataka karibu nyuzi sifuri, na ikikaa na ethilini ya nyanya inakuwa chungu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi kiligharimu kidogo sana: kivuli, saa ya kuvuna, kuchambua, kuacha vikonyo shambani. Hizi si hatua za kujishikizia tu huku ukingojea pesa za vitu vikubwa. Ndizo zinazoamua kama kitu kikubwa kitafaa. Nyanya iliyochambuliwa na kukaa kivulini ingefaidika hata na kile chumba, kama kingewekwa nyuzi 13 na gari lingefuata.

Kilichoshindikana hakikushindikana kwa sababu wakulima hawakuelimika, kama ripoti moja ya mradi ilivyodokeza. Yule kijana aliyeshusha kipimo hadi 4 alitumia akili aliyokuwa nayo. Mafunzo aliyopewa yalikuwa ya mtambo na si ya zao. Alijua kusafisha paneli na kuangalia betri, lakini hakuna aliyemwambia kwamba nyanya ya kijani huumia kwa baridi. Karatasi moja iliyobandikwa mlangoni, yenye majina ya mazao manne au matano na nyuzi joto za kila moja, ingeokoa mzigo ule.

Kuhusu tenga, najua wenzangu wengi wanaliona kama chombo kibaya kinachosubiri kuondolewa. Tenga linatengenezwa kijijini kwa mianzi ya kijijini, linaajiri wafumaji, halirudishwi, halina dhamana wala daftari. Ni chombo kilichokwisha kutatua tatizo la kurudi, ambalo kreti ndiyo kwanza inalianza. Ubaya wake mkubwa ni lumbesa, na lumbesa haitoki kwenye mianzi. Inatoka kwenye bei isiyo na kilo. Ndiyo maana baadhi ya wanachama, kwa ushauri wa wafumaji wenyewe, wanajaribu tenga fupi lililotandikwa mifuko mikuukuu ndani na kujazwa hadi mdomoni tu. Halifikii kreti kwa ubora, lakini wakati bei ni mbaya linazidi tenga la kawaida kwa mbali, na sioni sababu ya mradi wowote kulipuuza.

Suala la masalo lilizungumzwa sana, na watu walitaka kukausha. Nyanya ni maji kwa takriban asilimia 94, kwa hiyo kilo 100 mbichi hutoa kilo sita au saba hivi zilizokaushwa, na zinazokaushwa zinapaswa kuwa nzima na safi. Kilichooza kikikaushwa ni uozo mkavu. Kikundi kiliacha wazo hilo hadi kipate mnunuzi anayetaja bei kwanza.

Jambo ambalo halijatatuliwa ni mgawanyo wa faida. Gharama zote za mabadiliko, kuanzia banda hadi kreti hadi muda wa kuchambua, zilibebwa shambani, huku nafuu ya kwanza ikionekana gengeni. Kikundi sasa kinaandikiana na dalali bei kwa kilo kwa mzigo wa kreti, na makubaliano yanasema mzani usomwe na pande zote mbili kabla mzigo haujafunguliwa. Dalali wa pili amekubali masharti hayo. Wa tatu bado anataka tenga, na anapelekewa tenga, lililojazwa hadi mdomoni.